Kimya Kinachosimamisha Mashine

Mwanadamu alipovumbua mashine alijishughulisha kwanza na namna ya kuifanya iende. Namna ya kuifanya isimame ilimjia baadaye, na mara nyingi ilimjia baada ya msiba. Insha hii yahusu sehemu ndogo ya historia hiyo, nayo ni jinsi mfanyakazi wa jaa la taka alivyopata kuvaa kiunoni kifaa kidogo chenye kitufe chekundu, ambacho akikibonyeza, mtambo ulio mbali naye hatua hamsini husimama, wala hapana waya kati yao. Vifaa vya namna hii hutumika leo katika baadhi ya majaa na viwanda vya kuchambulia taka. Aonaye kifaa hicho kwa mara ya kwanza hudhani kwamba ni uvumbuzi wa juzi tu. Kumbe fikira iliyomo ndani yake ina umri wa zaidi ya miaka mia moja, na mahali ilipozaliwa si jaani hata kidogo.

Tuanze katika vinu vya pamba vya Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 19. Kinu kizima, chenye ghorofa nne au tano, kiliendeshwa na injini moja ya mvuke iliyokaa katika chumba chake chini. Injini ilizungusha mtaimbo mrefu wa chuma, na kutoka mtaimbo huo mikanda ya ngozi ilishuka katika kila ghorofa kuzungusha mamia ya mashine. Katika vinu hivyo walikuwako watoto ambao kazi yao ilikuwa kutambaa chini ya mashine za kusokotea nyuzi, nazo zikienda mbele na kurudi nyuma, ili kuokota mabaki ya pamba yaliyoanguka sakafuni. Si makosa kuwaita watoto wale waokota taka wa zama za mashine. Mtoto aliyechelewa kuinama alipondwa kichwa. Msichana ambaye nguo au nywele zake zilinaswa na mtaimbo alizungushwa pamoja nao. Na mtu akipiga yowe, kelele za mashine zilimeza yowe lake. Hata aliyesikia, aweza kufanya nini? Mkanda wa mashine moja uliweza kusogezwa pembeni, lakini mtaimbo wenyewe haukusimama mpaka mtu apige mbio kushuka ngazi hadi kwa mwangalizi wa injini.

Sheria ya mwaka wa 1833 iliweka wakaguzi wanne wa viwanda kwa Uingereza nzima. Sheria ya mwaka wa 1844 ilikwenda mbele zaidi: iliagiza mitaimbo na magurudumu ya hatari yazungushiwe kizuizi, na ikakataza watoto na wanawake kusafisha mitambo inayokwenda. Wenye viwanda hawakuipenda. Katika mwaka wa 1855 walifanya chama chao mjini Manchester ili kupinga gharama za vizuizi hivyo, wakidai kwamba ajali nyingi zatokana na uzembe wa wafanyakazi wenyewe. Gazeti la mwandishi mashuhuri Charles Dickens, Household Words, liliwashambulia vikali. Neno lile la uzembe halikufa pamoja na mabwana wale. Hata leo, mkono wa mtu ukikatika, neno la kwanza kusikika huwa ni hilo.

Karne ilipokaribia mwisho, baadhi ya vinu vilipitisha nyaya za umeme kutoka kila ghorofa mpaka kwenye injini. Mfanyakazi yeyote alipobonyeza kitufe ukutani, vali ya mvuke ilijifunga. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, kwa kuwa aliye karibu na hatari ndiye aliyepewa uwezo wa kusimamisha kinu. Lakini waya ule ulikuwa na ila moja isiyoonekana kwa macho. Ukikatika usiku, au ukitafunwa na panya, hakuna aliyejua. Kitufe kilibaki ukutani, kizuri na safi, na siku ya msiba kikabonyezwa bure.

Ila ya namna hiyohiyo ndiyo iliyoleta msiba wa Armagh, ambao yafaa kusimuliwa kwa urefu.

Tarehe 12 Juni, 1889, gari la moshi liliondoka katika mji wa Armagh, upande wa kaskazini wa Ireland, likiwa limejaa watoto na wazazi wao. Ilikuwa safari ya matembezi ya shule ya Jumapili, na watoto walikuwa wakienda kuona bahari. Njia iliyotoka Armagh ilipanda mlima kwa kilometa kadhaa. Mabehewa yalikuwa mengi na injini haikutosha, na karibu na kileleni gari likakwama. Wakuu wa gari wakaamua kuligawa mara mbili. Injini ingevuta mabehewa ya mbele hadi stesheni iliyofuata, kisha irudi kuyachukua ya nyuma. Mabehewa kumi yakaachwa mteremkoni yakishikwa na breki moja ya mkono, na mawe yakatiwa chini ya magurudumu.

Sasa msomaji na aifahamu breki ya gari lile. Breki za mabehewa yote ziliunganishwa na injini kwa mpira mrefu. Dereva alipotaka kusimama, injini ilinyonya hewa iliyokuwamo, na huko kunyonya ndiko kulikozikaza breki. Maana yake ni kwamba breki zilihitaji amri kutoka kwenye injini ili zishike. Mabehewa ya nyuma yalipofunguliwa yakawa hayana mtu wa kuyaamuru, na breki zake zote zikalegea, isipokuwa ile moja ya mkono. Injini ilipoanza kuondoka, ilirudi nyuma kidogo, ikayagusa mabehewa yaliyoachwa. Mguso huo ulitosha. Mawe yakapondeka, na mabehewa yakaanza kuteremka, kwanza taratibu, kisha kwa kasi isiyozuilika. Kutoka Armagh gari lingine lilikuwa likipanda katika njia ileile. Wapatao watu 80 walikufa, wakiwamo watoto.

Jambo la kusikitisha ni kwamba dawa ilikuwa imekwisha kupatikana. Katika mwaka wa 1872, yaani miaka 17 kabla ya siku ile, Mmarekani George Westinghouse alikuwa ameigeuza breki yake ya hewa juu chini. Katika breki yake ya kwanza, ya mwaka wa 1869, hewa ilipelekwa kutoka kwenye injini ili kuzikaza breki. Mpira ukipasuka, breki hakuna. Katika breki ya pili alitia tangi dogo la hewa chini ya kila behewa, na hewa ya ndani ya mpira ikawa na kazi ya kuziachia breki zisishike. Hewa ikitoka, iwe dereva ameitoa kwa makusudi au mpira umekatika, kila behewa hujifunga breki lenyewe. Makampuni mengi ya reli yaliona gharama ni kubwa, yakangoja. Baada ya Armagh hayakuweza kungoja tena. Kabla ya miezi mitatu kwisha Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuyalazimisha yatie breki za namna hiyo katika magari yote ya abiria.

Fikira ya Westinghouse ndiyo moyo wa habari yote hii. Katika mpango wa zamani, amri ya kusimama lazima ifike. Isipofika, mashine huendelea. Katika mpango mpya, ruhusa ya kuendelea ndiyo lazima ifike. Isipofika, mashine husimama. Mbele ya macho mipango hii miwili yafanana kama mapacha, na siku za salama hutaona tofauti yoyote. Tofauti huonekana siku kitu kinapoharibika.

Karne ya 20 ilipoanza, fikira hiyo iliingia katika treni na tramu za umeme. Dereva aliyekuwa peke yake alipewa mpini wenye kamani ambao lazima aushikilie muda wote wa safari. Akizimia au akifa, mkono hulegea, mpini huinuka, na umeme hukatika. Wenyewe waliuita mpini wa maiti, jina baya kwa kitu chema.

Wakati huohuo elimu nyingine ilikuwa ikikua, nayo ni elimu ya mawimbi ya redio, ambayo wazee wetu waliiita simu ya upepo. Katika mwaka wa 1898, mjini New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo ya chuma iliyogeuka kulia na kushoto bila kuguswa wala kufungwa waya. Aliiamuru kwa mawimbi. Watazamaji walistaajabu, na wako waliodhani kwamba ni kiini macho. Lakini kutii amri ni jambo moja, na kusimama pale amri inapokosekana ni jambo lingine, na hili la pili lilikuwa bado. Meli Titanic ilipozama Aprili 1912, iliomba msaada kwa redio usiku ule, na meli Californian haikuwa mbali. Lakini Californian ilikuwa na mtumishi mmoja tu wa redio, naye alikuwa amezima mtambo wake akaenda kulala. Kwake yeye kimya kilimaanisha kwamba mambo yote ni salama. Iliwabidi wahandisi waliokuja baadaye wafundishe mashine maana iliyo kinyume cha hiyo.

Na jaa la taka je? Kwa karne nyingi taka za mji zilikuwa kazi ya majembe, mikokoteni na nguruwe. Mitambo iliingia pole pole. Mjini Nottingham, Uingereza, tanuri kubwa la kuchomea taka lilijengwa mwaka wa 1874. Mjini New York, Kanali George Waring, aliyepewa kazi ya usafi wa mji mwaka wa 1895, aliwaagiza wakazi watenge majivu, mabaki ya chakula na takataka kavu, ili vitu vyenye thamani viuzwe. Katika mwaka wa 1937 mji wa Fresno, California, ulifungua jaa la namna mpya, ambalo taka zilimwagwa katika handaki, zikashindiliwa, na kufunikwa udongo kila siku. Kutokea hapo mashine ziliongezeka: tingatinga, mashine za kushindilia zenye magurudumu ya chuma yaliyojaa meno, mashine za kupasua magogo na vyuma, mikanda ya kuchambulia, na mashine za kufunga marobota ya makaratasi na plastiki.

Hii ya marobota ndiyo ya kuogopwa kuliko zote, ijapokuwa haina sura ya kutisha. Ni sanduku refu la chuma. Taka huanguka ndani kutoka juu, na bamba zito husukumwa na mafuta yenye nguvu nyingi, likazibana mpaka ziwe kama tofali. Tatizo lake ni kukwama. Makaratasi yakikwama, mtu huingia kuyatoa kwa mkono au kuyasukuma kwa mguu. Mwenzake aliye upande wa pili hamwoni, au taa ndogo ya mashine huhisi taka zimejaa na kuliamuru bamba lisukume. Ndiyo maana kanuni ya kwanza katika kazi hiyo haihusu kitufe chochote, bali yahusu kufuli: umeme ukatwe, swichi itiwe kufuli, na ufunguo ukae katika mfuko wa yule anayeingia. Kitufe cha dharura ni msaada wa mwisho baada ya mengine yote kushindwa. Yeyote anayekiweka badala ya kizuizi au kufuli hajaelewa kazi yake.

Hata hivyo kitufe kina kanuni zake, nazo zimekubaliwa na mataifa mengi. Kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 13850, kilichotolewa kwanza mwaka wa 1996 na kurekebishwa mwaka wa 2006 na 2015, chataka kitufe kiwe chekundu juu ya rangi ya manjano; kikisha kubonyezwa kibaki kimebonyea mpaka mtu akirudishe kwa makusudi; na kukirudisha huko kusiiwashe mashine, bali kuipe ruhusa tu ya kuwashwa upya. Kiwandani vitufe vya waya vyatosha, maana mashine haihami na mtu ana mahali pake pa kusimama. Jaani mambo ni mengine. Mashine ya kupasua huvutwa kutoka rundo hili hadi lile. Mtu anayeelekeza malori husimama leo hapa, kesho pale. Nyaya zinazolala ardhini hukanyagwa na kukatwa. Na dereva wa mashine ya kushindilia, aliyekaa juu katika chumba cha vioo vyenye vumbi, hamwoni mtu aliyeinama nyuma yake.

Basi mawimbi yakaitwa kufanya kazi ya waya. Tangu transista ilipovumbuliwa Marekani mwaka wa 1947, vyombo vya redio vimezidi kuwa vidogo na rahisi, hata vikaweza kukaa kiunoni. Kifaa cha mfanyakazi hakingoji kubonyezwa ndipo kiseme. Husema muda wote. Mara nyingi katika kila sekunde hupeleka kwa mashine ujumbe mfupi wenye namba yake na hesabu ya kuthibitisha kwamba ujumbe haukuharibika njiani, kana kwamba kinasema: nipo, na mambo ni salama. Katika mashine kuna kipokezi kinachosikiliza, nacho hushikilia swichi mbili zilizofuatana, ili moja ikigoma kukata umeme, nyingine ikate. Mtu akibonyeza kitufe, ujumbe hubadilika na mashine husimama. Betri ikiisha, kifaa kikivunjika, mtu akitoka nje ya eneo, au mawimbi yakizuiwa, ujumbe hukatika, na mashine husimama vilevile. Msomaji ameitambua: ni breki ya Westinghouse, ila hewa imekuwa mawimbi. Kanuni za mashine zinazoamriwa bila waya ziliandikwa katika kiwango cha IEC 62745 cha mwaka wa 2017.

Hapa pana mashaka ambayo wahandisi bado hushindana nayo. Tuseme mkanda wa kuchambulia unakwenda mita 1 kwa sekunde. Kipokezi kikingoja nusu sekunde kabla ya kuamini kwamba ujumbe umekatika, mkanda umekwisha kwenda nusu mita, nayo ni urefu wa kutoka ncha za vidole mpaka kwenye kiwiko. Basi kwa nini kisingoje kidogo zaidi ya hapo? Kwa sababu jaa limejaa vyuma, na lori likipita kati hufunika mawimbi kwa kitambo. Kipokezi kisicho na subira kitasimamisha mashine mara kumi kwa siku bila sababu. Na mashine inayosimama bila sababu huchosha watu. Siku moja mtu huchukua kipande cha waya, akaunganisha swichi, kifaa kikawa pambo. Simlaumu huyo peke yake. Yuko juu yake mtu anayehesabu tani za siku, wala hahesabu kitu kingine.

Shaka la pili ni la kifaa kilichozimwa. Kitufe chekundu kilichoachwa juu ya meza, kisichosema na mashine yoyote, kinafanana kabisa na kile kinachofanya kazi. Mtu akikikimbilia katika dharura, amekimbilia kitu kisicho na uhai. Kwa hiyo kanuni zataka vifaa vilivyo hai visichanganywe na vilivyozimwa. Baadhi ya mafundi hutia taa ndani ya kitufe, kikawaka pale tu kinaposikika na mashine; wengine huagiza kila kifaa kisichotumika kifungiwe kabatini. Njia hii ya kabati ni ya kizamani, nami naipenda zaidi, kwa maana taa nayo huungua.

Katika Kenya sheria imefuata mkondo uleule wa vinu vya pamba. Sheria ya Viwanda iliyoanza kutumika mwaka wa 1951, zama za ukoloni, ilitokana na sheria za Uingereza, na iliangalia zaidi kiwanda chenye kuta na mlango. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 ilipanua maana, ikagusa kila mahali ambapo mtu anafanya kazi. Kisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 ikaagiza taka zitenganishwe na zirejeshwe katika matumizi. Kazi hiyo ikifanywa kwa wingi huleta mikanda ya kuchambulia na mashine za marobota.

Hapo ndipo swali la kifaa cha kiunoni linapokuwa gumu. Katika jaa la Dandora, Nairobi, lililoanzishwa katika miaka ya 1970, watu kwa maelfu wamepata riziki kwa kuokota vyuma, plastiki na mifupa, karibu sana na malori na matingatinga. Walio wengi hawakuajiriwa na mtu. Jina la mwokota taka halimo katika daftari la zamu, na kifaa hugawiwa kwa daftari la zamu. Mashine itasimama kwa ajili ya yule anayelipwa mshahara. Asiyelipwa haitamjua, hata akiwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. Mafundi wamejaribu njia ya kugeuza mpango, wakatia katika mashine yenyewe kamera na vyombo vya kuhisi mtu aliye karibu, hata asiye na kifaa. Vyombo hivyo ni ghali, na vumbi la jaa ni adui yao.

Tena iko hatari ya jaani ambayo hakuna kitufe kinachoigusa. Tarehe 11 Machi, 2017, mlima wa taka wa Koshe, Addis Ababa, uliporomoka ukaua zaidi ya watu 100. Tarehe 10 Agosti, 2024, baada ya mvua kubwa, jaa la Kiteezi, Kampala, liliporomoka juu ya nyumba zilizokuwa chini yake, na watu zaidi ya 30 walikufa. Rundo la taka halina injini ya kuzimwa. Linazuiwa kwa kupunguza urefu wake, kulaza miteremko yake, kuyatolea maji njia, na kuwahamisha watu waishio chini yake kabla ya msimu wa mvua kuanza.